Barafu Iliyozama

Mrakibu Chenge alicheka mpaka akavua miwani. Akafuta machozi kwa kitambaa, akaivaa tena, akairudia ile karatasi iliyokuwa mezani kwake.

"'Barafu ilizama,'" alisoma kwa sauti. "'Nusu saa baadaye ikaibuka mbali kidogo, karibu na mawe. Nikaogelea, nikaitoa, nikakuta bangili ndani yake.' Inspekta Mayala, nina miaka ishirini na sita kazini. Nimeshaambiwa mbuzi alijifungua kamba akapanda mwenyewe kwenye gari la mwizi. Lakini barafu kuzama! Hii nitaisimulia mpaka siku ya kustaafu."

Inspekta Kabula Mayala hakucheka. Kitu kikichekesha ofisi nzima, yeye humkera, na hilo halikuwa siri kituoni.

"Naomba muda nimhoji tena, afande."

"Wa nini? Bangili tumemkuta nayo mkononi. Mwenye mali ameitambua. Saa nane mchana anasimama mbele ya hakimu, na faili liwe na saini yako."

Saa ya ukutani ilionyesha saa tatu na nusu asubuhi.

Kesi yenyewe ilionekana rahisi. Jumanne jioni, Bi Maniben, mjane wa sonara Mohanlal, alifungua kabati lake la nguo akakuta dhahabu ya familia imetoweka. Jumatano asubuhi, mpagazi wa barafu aitwaye Okwach alikamatwa mwaloni, pale boti za ziwani zinapopakia, ameketi juu ya jiwe, nguo zinachuruzika maji, bangili moja ya Bi Maniben mkononi. Na huyo huyo Okwach wiki ile ile alikuwa amepeleka barafu jikoni kwa mama huyo, friji lake lilipoharibika. Askari walichimba sakafu ya nyumba yake kule Mkolani. Wakapata udongo. Walizamia pale aliposema barafu ilipotelea. Wakapata kiatu kimoja cha mtoto. Chenge akahitimisha kwamba dhahabu iliyobaki imeshauzwa, na kwamba jamaa ni mwongo asiye hata na adabu ya kutunga uongo mzuri.

Hapo ndipo Mayala alipokwama. Mtu anayekabiliwa na jela hutafuta uongo unaoaminika. Angesema ameokota bangili njiani. Angesema amepewa. Kwa nini achague jambo ambalo hata mtoto angempinga?

Akashuka mahabusu na Koplo Pius, Mkerewe mwenye tumbo kubwa na mapafu makubwa zaidi, kwa maelezo yake mwenyewe.

Okwach alikuwa mtu wa miaka arobaini hivi, mabega yamepinda kidogo kwa kazi. Alisimama walipoingia.

"Okwach," alianza Mayala, "unajua kwamba barafu huelea?"

"Afande, nabeba barafu huu mwaka wa kumi na mbili. Nikuambie mimi, au uniambie wewe?"

Pius alikohoa kuficha kicheko. Mayala akavuta kiti.

"Niambie wewe. Tangu mwanzo, na usiruke kitu."

Okwach akaeleza. Boti la kwenda Nansio, kule kisiwani, halifiki ufukweni kwa sababu ya mawe. Kwa hiyo mabonge ya barafu hutolewa kiwandani kwa mkokoteni, hukatwa nusu kwa msumeno, hubebwa begani mpaka majini, halafu husukumwa yakielea mpaka botini. "Majini barafu inajibeba yenyewe, afande. Wewe unaiongoza tu kama ng'ombe."

"Kwa nini mnayakata?"

"Kwa sababu ya Owiti. Bonge zima lina kilo ishirini na tano. Liliteleza likamvunja mgongo, sasa analala tu. Tukakubaliana wapagazi wote: bonge zima halipandi tena bega la mtu, hata aseme nani. Na jana Nestory alisema."

"Nestory ni nani?"

"Msimamizi wa kiwanda. Ndiye fundi friji pia. Alinionyesha bonge moja, akaniambia, 'Hili lisikatwe, ni la harusi Nansio, wanalitaka zima.' Nikamwitikia ndiyo bosi. Alipogeuka nikalikata. Yeye habebi. Nusu ya kwanza ikaelea vizuri. Ya pili nikaiweka majini, ikashuka. Haikutumbukia kama jiwe, hapana, ilishuka taratibu kama mtu anayeshuka ngazi. Nikasema leo nimelogwa. Nikazamia, maji machafu, sikuiona. Wenzangu walikuwa wameenda kunywa uji. Nikakaa. Mara naona kipande kinachomoka kule kwenye mawe, kama galoni moja hivi, na bangili imeganda ndani."

"Lile bonge lilikuwa na alama yoyote?"

"Kitakoni kulikuwa na kibati kimeganda, karibu na nje. Nikadhani kimebanduka kwenye kopo la kugandishia."

Mayala na Pius wakatazamana.

"Mbona haya ya Nestory na kibati hayamo kwenye maelezo yako?"

"Niliposema barafu ilizama, walicheka, afande. Baada ya hapo hakuna aliyeandika kitu. Mke wangu Faith ameambiwa asisimame na kwaya Jumapili mpaka jambo hili liishe. Sasa likiishia jela ya Butimba, litaishaje? Mimi sijaiba. Nasema kilichotokea, na kilichotokea ndicho kinanifunga."

Mayala aliinuka. "Usibadilishe neno hata moja," alimwambia. "Hata wakikucheka tena."

*

Bi Maniben aliwapokea sebuleni, kwenye nyumba ya zamani yenye roshani ya mbao. Pius aliona viatu vilivyopangwa mlangoni, akavua vyake bila kuambiwa.

"Shikamoo, mama," Mayala alisalimu.

"Marahaba, mwanangu. Mmeipata?"

"Bado. Nataka kujua uzito wake."

Mama huyo hakuhitaji kufikiri. "Kilo moja na gramu mia sita. Marehemu mume wangu alikuwa anaipima kila sikukuu ya Diwali, mbele ya watoto, halafu anairudisha kwenye mfuko wake wa hariri nyekundu. Miaka thelathini na nane haikupungua wala kuongezeka. Ni ya mama yake, na ya mama wa mama yake. Mjukuu wangu anaolewa mwezi ujao, nilitaka aivae yeye."

"Wiki hii nani na nani waliingia humu ndani?"

"Yule wa barafu, Jumamosi na Jumapili. Alivua viatu mlangoni, akaweka barafu, akaondoka. Na fundi, Jumatatu asubuhi. Yeye aliingia na viatu vyake mpaka jikoni. Nikamwacha na friji, nikaenda kusali."

"Fundi yupi?"

"Nestory. Si ndiye anayejulikana mji mzima?"

*

Kiwandani kulikuwa na baridi ya kuuma meno. Makopo marefu ya bati yalikuwa yamepangwa kwa safu ndani ya maji ya chumvi, kila moja na kibati chenye namba kimepigiliwa ubavuni. Nestory alikuja akijifuta pua, macho mekundu.

"Mafua, koplo," alimwambia Pius aliyekuwa anamkodolea macho. "Kazi ya baridi hii."

"Pole," alisema Pius. "Mimi macho yangu huwa hivyo nikishinda nazamia."

Nestory akajifuta pua tena.

"Okwach anasema barafu yako ilizama," Mayala alisema.

"Afande, na wewe!" Nestory alicheka, lakini kicheko kiliishia puani. "Barafu haizami. Hata mtoto wa darasa la tatu anajua. Yule kaiba, kaficha, sasa anatafuta wa kumbebesha."

"Ulimwambia asilikate bonge moja, la harusi?"

"Mimi? Sijawahi kusema hivyo. Mabonge yote ni sawa hapa."

Mayala alikuwa anatembea polepole kando ya makopo, kidole kikifuata namba. Kumi na tano. Kumi na sita. Kumi na nane.

"La kumi na saba halina kibati."

"Kilidondoka. Zamani, mwaka jana."

Mayala aliinama. Kopo zima lilikuwa limeshika kutu ya rangi ya ugoro, isipokuwa pale ubavuni, kipande kidogo cha pembe nne, palipong'aa kama sarafu mpya. Bati lililokaa wazi kwenye chumba cha chumvi lisingeng'aa hata wiki moja, sembuse mwaka. Aliomba auziwe bonge moja la barafu na kuazimwa msumeno, akashukuru, akatoka.

Nje jua liliwapiga usoni. Pius alikuwa anatembea nyuma yake huku amebeba barafu iliyofungwa kwa gunia.

"Sasa nieleze, maana mimi kichwa kinauma," alisema. "Kaiweka dhahabu kwenye kopo, kamwagia maji, ikaganda. Sawa. Alitaka kutumia boti kuivusha, nani atakagua barafu? Sawa. Kaweka kibati ili mwenzake wa Nansio alijue bonge lenyewe, kwa sababu mabonge yote yanafanana. Lakini yule ni fundi. Si angejua litazama?"

"Likiwa zima halizami. Ndiyo maana alijiamini. Pius, mama yako aliwahi kukuchapa kwa kuweka chupa ya maji iliyojaa pomoni kwenye friji?"

"Mara mbili."

"Mimi mara moja ilinitosha. Chupa ilipasuka kwa nini?"

"Maji yalivimba."

"Basi. Maji yakiganda yanavimba. Hayajaongezeka uzito hata gramu, lakini yanachukua nafasi kubwa kuliko mwanzo. Kwa hiyo ukipima ndoo ya barafu na ndoo ya maji, ndoo sawa, ya barafu ni nyepesi. Ndiyo maana maji yanaibeba. Lakini hayaibebi yote juu. Umeshaona bonge likielea? Linachungulia tu. Ukiligawa mafungu kumi, karibu tisa yako chini na moja liko juu. Lile fungu la juu ndiyo akiba yake, ndiyo nguvu yote iliyobaki ya kubebea mzigo."

Pius alisimama. "Endelea."

"Bonge la kilo ishirini na tano lina akiba ya kama kilo mbili na ushee. Dhahabu ya mama ni kilo moja na mia sita. Nestory angelijaribu bonge kwenye pipa, lingeelea. Limekaa chini kidogo, lakini linaelea. Sasa likate katikati."

Koplo alianza kuhesabu kwa vidole, akaacha. Mdomo ulibaki wazi.

"Nusu inabaki na akiba ya kilo moja na kidogo," alisema. "Na dhahabu yote iko upande mmoja. Mungu wangu! Owiti ndiye kamkamata!"

"Bado hatujamkamata. Saa ngapi?"

"Saa sita na dakika kumi."

"Mpigie Mrakibu. Mwambie aje mwaloni na Okwach. Na Bi Maniben. Mwambie nitatia saini faili hapo hapo."

*

Chenge alifika akiwa amenuna. Nyuma yake alishushwa Okwach, pingu mikononi, na watu wa mwaloni wakaanza kusogea: wapagazi, wauza dagaa, mafundi nyavu. Faith naye alikuwapo, kitenge amejifunga kifuani, amesimama mbali na wengine. Nestory aliletwa na askari wawili kwa maneno mazuri, kwamba anahitajika kama mtaalamu wa barafu. Bi Maniben aliwekewa kiti kivulini.

"Inspekta," Chenge alisema chini kwa chini, "ukiniaibisha mbele ya umati huu, utaenda kulinda nguzo za umeme."

"Sawa, afande."

Mayala aliingia majini mpaka magotini. Akamwomba muuza dagaa mmoja mawe ya mizani: la kilo moja, la nusu kilo, la gramu mia. Akayafunga kwenye kitambaa, akakiinua watu wakione.

"Kilo moja na gramu mia sita. Uzito wa dhahabu iliyopotea."

Pius alikifunga kwa kamba upande mmoja wa bonge, kwenye kitako, akalisukuma majini. Bonge likayumba, likainamisha upande wenye mzigo, likatulia. Likaelea.

"Si nilisema?" Nestory alipaza sauti. "Barafu haizami!"

Umati ukaguna kukubali. Chenge aliangalia saa yake. Okwach akafumba macho.

"Mtaalamu amesema," Mayala alijibu. "Sasa tulifanye walivyofanya wapagazi. Likate, Pius."

Msumeno ulilia. Unga mweupe ulidondoka majini. Nusu tupu ilipoachiwa ilielea ikizunguka zunguka bila wasiwasi. Ndipo Pius alipoishika ile yenye mzigo, akaiweka juu ya maji kwa uangalifu kama anayemlaza mtoto, akatoa mikono.

Ikashuka. Taratibu, ngazi moja, ngazi ya pili, ikageuka rangi ya kijani, ikapotea.

Mwanamke mmoja akapiga kelele, "Jamani! Imezama!" na kelele zikalipuka kila upande. Wapagazi walirukaruka majini. Mmoja alikuwa anapiga makofi juu ya kichwa chake mwenyewe. Chenge alivua miwani, safari hii si kwa kucheka.

"Kuzama ni kitu kimoja," Nestory alisema haraka. "Dhahabu iko wapi? Mmeshazamia pale jana, hamkupata kitu."

"Tulizamia iliposhukia," Mayala alimgeukia. "Okwach hakusema hivyo tu. Alisema pia iliibuka. Tulimcheka mara mbili, kwa hiyo tukakosea mara mbili. Nusu bonge lile lilikuwa limezidiwa kidogo sana. Chini ya maji ni jepesi kama boga, mkondo unalisukuma unakotaka. Wakati huo barafu inayeyuka. Inayeyuka mpaka mfuko unachomoka. Mzigo ukishatoka, kipande kilichobaki kinafanya nini?"

"Kinaibuka!" walijibu wapagazi kwa pamoja.

"Kinaibuka pale pale ulipotua mzigo. Na wewe, Nestory, macho yako mekundu yananiambia na wewe umezamia pasipostahili. Okwach, tuonyeshe."

Okwach aliinua mikono miwili yenye pingu, akanyoosha kidole. "Kati ya lile jiwe lenye kinyesi cha ndege na lile lililopasuka."

Pius alivua shati. Tumbo lilipigwa na jua, watu wakamshangilia. Akaingia, akavuta pumzi, akatoweka. Akatoka mikono mitupu. Akazamia tena. Akatoka na konzi ya tope. Chenge akaangalia saa. Faith alikuwa amesogea mpaka ukingoni, vidole mdomoni, midomo inacheza bila sauti.

Mara ya tatu Pius alikaa chini mpaka watu wakaanza kunong'ona. Halafu maji yakapasuka, na mkono ukatangulia kutoka kabla ya kichwa, na mkononi kulikuwa na mfuko mwekundu.

Kelele zilizopigwa hapo, nadhani hata Nansio walizisikia.

Bi Maniben aliinuka kwenye kiti. Mfuko uliwekwa mikononi mwake, nao ukazidi kuchuruzika maji kwenye sari yake wala hakujali. Alifungua kamba, akaingiza mkono, akaanza kulia kwa sauti kama msichana. "Yote," alisema. "Yote ipo, isipokuwa ile bangili mliyonayo. Tundu limechanika hapa pembeni, ndipo ilipotokea."

Mayala hakuwa anaangalia dhahabu. Alikuwa anaangalia waya mwembamba uliofungwa shingoni mwa mfuko, na kilichoning'inia kwenye waya huo. Akakifuta tope kwa kidole gumba, akakiinua juu.

Kibati. Kumi na saba.

"Kilidondoka mwaka jana?" alimuuliza Nestory.

Nestory aligeuka kuondoka. Nyuma yake walisimama wapagazi wanane, mabega kwa mabega, na hakuna aliyempisha. Akakaa chini mchangani, kichwa katikati ya magoti. "Nilimwambia asikate," alisema. "Nilimwambia waziwazi asikate."

"Umesikia, afande?" Mayala alimwambia Chenge. "Ameshatoa maelezo."

Funguo zilitolewa. Pingu zilitoka kwenye mikono ya Okwach zikaenda kwenye mikono mingine bila kupoa njiani. Faith alimfikia mumewe mbio, akamkumbatia, huku wanawake wawili wa kwaya wakimshika mabega wakijifanya walikuwa naye siku zote.

Chenge alimsogelea Okwach. Alikohoa. "Basi, bwana, uko huru. Samahani kwa usumbufu. Kuna lolote unalotaka?"

Okwach alisugua vifundo vya mikono yake. Aliufikiria umati, akalifikiria na faili lililokuwa kwapani mwa Mrakibu.

"Kuna moja, afande. Yale maelezo yangu. Uliyasoma kule ofisini mkacheka, nilisikia mpaka mahabusu. Naomba uyasome hapa. Kwa sauti ile ile."

Chenge alimtazama Mayala, na Mayala alikuwa anaangalia ziwa kwa makini sana. Mrakibu akafungua faili, akavaa miwani.

"'Barafu,'" alisoma, akasafisha koo, akapaza sauti mpaka wa kwenye boti wakasikia, "'barafu ilizama.'"

Mwalo mzima ukajibu kwa shangwe.